Saa 16 za kuhuisha leseni ya ukandarasi wa umeme: uzoefu wangu

Wiki iliyopita nimemaliza mafunzo ya kujiendeleza kwa ajili ya kuhuisha leseni yangu ya ukandarasi wa umeme. Ni saa 16 kwa jumla: saa 10 za kusoma mtandaoni kwa wakati wako, kisha siku moja ya vitendo. Naandika sasa kabla sijasahau, maana nilipokuwa natafuta pa kusoma kila niliyemuuliza alinijibu jambo moja tu: cheti kinatoka haraka.

Kinatoka haraka kweli, changu nilikipata siku ya pili. Lakini leseni iliyopita nayo niliihuisha kwa cheti cha haraka, kutoka kwa watoa mafunzo wengine, na gharama yake nimeijua mwaka huu. Kule ulikuwa unafungua ukurasa, saa inahesabu dakika, na huwezi kwenda mbele mpaka zitimie. Maswali ya mwisho majibu yake yalikuwa yameandikwa palepale juu. Nilipata alama zote, na kazini sikubadilisha hata skrubu moja.

Katika kipindi hicho nilifunga chaja ya gari la umeme kwenye nyumba ambayo ubao wake wa umeme tayari ulikuwa na RCD (swichi inayojikata umeme ukivujia ardhini) ya miliampea 30. Nikaangalia ukubwa wa waya, nikaangalia breka, nikapima erthi, nikabonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, ikakata. Nikaondoka nikiwa na amani. Kumbe RCD ile ilikuwa aina ya AC, inayohisi uvujaji wa umeme geu tu, na chaja yenyewe haikuwa na kinga ya ndani dhidi ya uvujaji wa DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu.

Somo hilo ndilo lililonifanya niyaheshimu mafunzo haya. Siku ya vitendo mkufunzi alileta ubao mdogo wenye RCD moja ya aina ya AC. Alianza kwa kutueleza taratibu kinachofanyika ndani: kuna ringi ya chuma inayolinganisha umeme unaokwenda kwa fezi na unaorudi kwa nyutro, sehemu ikivujia ardhini, mizani inapotea, ringi inahisi, swichi inajikata. Akavujisha umeme wa kawaida kidogo kupita miliampea 30. Ikakata mara moja. Kisha akaongeza uvujaji wa DC iliyonyooka kwenye saketi ileile, akarudia jaribio. Kimya. Tukasubiri, kimya. DC ilikuwa imeishibisha ringi kwa sumaku, ikawa haihisi tena hata hitilafu iliyo mbele yake. Alipoiondoa DC, RCD ikarudi kufanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo nikaelewa kwa nini kitufe kilinidanganya. Kitufe kinapima RCD kwa uvujaji wa AC, na mimi nilikibonyeza gari likiwa halijachomekwa. Ningekibonyeza mara mia, kingekata mara mia.

Mkufunzi alipitia aina zote nne bila haraka. AC inaona uvujaji wa umeme geu peke yake. A inaona pia ule wa DC inayodunda, na inavumilia DC iliyonyooka hadi miliampea 6. F ni kwa mashine zenye mota za kubadili kasi, zinazochanganya masafa (hezi) ya umeme. B inaiona hata DC iliyonyooka yenyewe. Kwa chaja ya gari, basi, ama uweke aina ya B, ama aina ya A pamoja na kifaa kinachokata DC ikifika miliampea 6, ambacho chaja nyingi huja nacho ndani. Soma karatasi ya mtengenezaji kabla ya kununua. Baada ya mafunzo nilirudi kwenye nyumba ile, nikamweleza mwenye nyumba nilichokosea, nikabadilisha kwa gharama yangu. Alinishukuru. Mimi usiku ule nilikuwa nawaza watoto wake wanaocheza karibu na lile gari.

Nimetumia maneno mengi kwenye RCD kwa sababu ndipo nilipoguswa, ila sehemu ya sola nayo imetengenezwa vizuri. Wameonyesha kwa vidio jinsi cheche ya DC inavyokataa kuzimika. Umeme geu wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inapata nafasi ya kufa. DC haipiti sifuri kabisa, na breka ya AC iliyofungwa upande wa paneli inaweza kuungua ikijaribu kukata. Pia wameeleza kwa nini usiunganishe plagi za MC4 (za kuunganishia nyaya za paneli) za watengenezaji wawili tofauti hata kama zinaingiana: zinagusana vibaya, zinapata joto, na moto unaanzia juu ya paa mahali ambapo hakuna anayetazama.

Vipimo tulirudia vya msingi. Kuhakikisha saketi imekufa: unapima kifaa chako kwanza kwenye umeme unaojua upo, kisha saketi, kisha unarudi kwenye ule umeme tena kuhakikisha kifaa hakijafa katikati. Ukinzani wa insulesheni kwa volti 500 za DC, usipungue megaomu 1. Wengi wetu pale tuna miaka zaidi ya kumi kazini, na zaidi ya nusu walikuwa wanaruka ile hatua ya tatu. Mimi nikiwemo.

Sasa malalamiko. Sehemu ya kanuni za ufungaji wamesomesha toleo lililopitwa na wakati, na kwa mafunzo ya kuhuisha leseni hilo si dogo. Sababu yenyewe ya sisi kurudishwa darasani ni kwamba kanuni hazikai mahali pamoja. NFPA 70 ya Marekani hutolewa upya kila baada ya miaka 3. BS 7671 ya Uingereza ilipata marekebisho mwaka 2022 ambayo yameibana RCD ya aina ya AC: itumike tu kwa vifaa vilivyofungwa bila kuhamishika ambavyo inajulikana havina DC kwenye mkondo wake. Yaani jambo lilelile mkufunzi wa vitendo alilotuonyesha kwa ubao wake, kurasa za mtandaoni zilikuwa hazijalisikia. Niliwaandikia. Walijibu kwa adabu kwamba watarekebisha.

Saa 2 za usimamizi wa biashara nilizipita tu: mikataba, bima, kutunza kumbukumbu. Kwa anayeanza kampuni zitamfaa.

Kama unatafuta pa kusoma, kabla hujalipa waulize mambo mawili. Kwanza, je, mamlaka iliyokupa leseni inawatambua, na kwa masomo yapi? Mamlaka nyingine zinahesabu saa, nyingine alama, nyingine zinadai sehemu fulani iwe ya usalama au ya kanuni, na saa zako za ziada kwenye somo moja zisikuokoe kwenye lingine. Pili, je, kuna siku ya kushika vifaa? Kama hakuna, mimi nisingelipa tena. Na usisubiri mwezi wa mwisho wa leseni. Darasa letu lilikuwa na mafundi wawili waliokosa nafasi ya vitendo kwa sababu siku zilikuwa zimejaa, na bila siku hiyo cheti hakitoki.

Nimemsajili msaidizi wangu pia, ingawa bado hana leseni na saa hizo hazitamhesabia. Jumatatu tulikuwa kwenye kazi ya kubadilisha ubao. Alipima, akaandika, akafunga kifuko cha vifaa, kisha akakifungua tena. "Fundi, subiri," akaniambia, "sijarudi kwenye umeme wa kwanza." Akaenda, akapima mara ya tatu, ndipo tukagusa waya.