Google Search Console kwa kampuni ya kujenga nyumba: uzuri wake uko kwenye jedwali moja

Ninasimamia tovuti ya kampuni inayowajengea watu nyumba. Zamani nilikuwa mkadiriaji majenzi, mtu wa kuhesabu matofali, nondo na mifuko ya saruji, kwa hiyo chombo kikiniletea takwimu, swali langu la kwanza ni zimehesabiwaje. Search Console imefaulu mtihani huo kwa sehemu kubwa, na pale ilipofeli nitasema.

Ni huduma ya bure ya Google inayokuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji wake, ile iliyokuwa ikiitwa Webmaster Tools mpaka 2015. Kuanza si kazi: unathibitisha kuwa tovuti ni yako kwa kuweka rekodi kwenye mipangilio ya domeni (anwani ya tovuti) au faili dogo kwenye seva. Hakikisha tu kuwa mwenye kampuni mwenyewe ndiye mmiliki aliyethibitishwa. Aliyekutengenezea tovuti mpe ruhusa ya mtumiaji, inamtosha.

Ndani kuna ripoti nyingi. Mimi nakaa kwenye moja: ya utendaji, yenye jedwali la maneno ambayo watu waliyaandika Google kabla ya kuiona tovuti yako. Kila mstari unakuonyesha ulionekana mara ngapi, ulibofywa mara ngapi, na kwa wastani ulikuwa nafasi ya ngapi. Hapo ndipo utajua kuwa mjenzi na mteja hawaongei jambo moja. Ukurasa wetu wa huduma ulijaa "suluhisho bora za makazi ya kisasa". Jedwali likasema ukurasa huohuo unaletwa mbele ya watu wanaouliza nyumba ya vyumba vitatu inahitaji kiwanja cha ukubwa gani, na kama msingi wa nyumba ya chini unaweza kubeba ghorofa baadaye. Walituona, hawakubofya. Wangebofya nini, wakati hatukuwajibu?

Swali la msingi nililiandikia ukurasa wake, nikiwa nimekaa na mhandisi wetu. Tukaeleza kwa nini jibu linaanzia kwenye udongo, kwa nini nguzo na nondo zake hupangwa kabla zege halijamwagwa, na kwa nini ukuta uliobebeshwa paa tu si lazima uweze kubeba sakafu ya juu. Kichwa cha ukurasa tukakiandika kama mteja anavyouliza. Baada ya muda swali lile lilipanda kwenye jedwali, na wanaotupigia simu wakawa wanaanzia mbali zaidi: hawaulizi tena "mnajenga bei gani", wanauliza nani atapima udongo. Kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko mibofyo yenyewe.

Ukitaka kuyachambua maswali kama hayo, tumia kichujio cha ruwaza (regex), kilichoongezwa 2021. Andika gani|ngapi|vipi|je, ambapo alama | ina maana ya "au", na jedwali linabaki na mistari yenye herufi hizo. Hiyo "je" itakuletea pia kila aliyeandika "jenga" au "jengo", vumilia. Kwenye biashara yetu, mtu anayeuliza "ngapi" yuko karibu na kununua kuliko anayeandika "nyumba nzuri".

Ripoti ya kurasa zilizomo kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo Google inaweza kuzionyesha, nayo ina kazi yake, nitaifikia. Kwanza onyo kuhusu kurasa zenyewe. Kuna wakala wa kutangaza tovuti aliyetushauri tutengeneze kurasa kadhaa za maeneo, maandishi yaleyale, jina la eneo tu linabadilishwa. Tulimkatalia. Kurasa za namna hiyo, zilizotengenezwa kunasa utafutaji tu, zimekatazwa na sera za Google dhidi ya taka (spam). Wakala huyohuyo alitaka kutuuzia kujaza lebo ya maneno muhimu, orodha iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, kitu ambacho Google ilisema wazi 2009 kuwa haikitumii kupanga matokeo. Mtu akikuuzia hicho, mwonyeshe mlango.

Kurasa za miradi ndizo zilizonishtua. Nyingi zilikuwa picha kumi na kichwa "Mradi wa nne", na ripoti ikaonyesha kuwa roboti wa Google, programu yake ya kupitia tovuti, amezipitia bila kuziweka kwenye faharasa. Haikusema kwa nini, ila picha ya nyumba iliyokamilika haielezi kuwa kiwanja kilikuwa mteremko, kwamba ukuta wa kuzuia udongo ulijengwa kwanza, wala kwamba mwenye nyumba aliongeza choo baada ya kuta kufika kwenye lenta. Tukayaandika hayo, na picha tukazipunguza uzito. Google inapendekeza kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana ukurasa ukifunguka, mara nyingi picha, kionekane ndani ya sekunde 2.5, na picha zilizotoka moja kwa moja kwenye simu ya fundi hazikupi nafasi hiyo. Ripoti ya kasi ipo, ila inategemea data ya wageni halisi, kwa hiyo tovuti yenye wageni wachache huambiwa tu kuwa data haitoshi.

Sasa mapungufu. Data inahifadhiwa miezi 16. Kwa duka la viatu inatosha, kwa sisi hapana: mtu anaanza kutafuta ramani leo, anahangaika na kiwanja, anaweka akiba, na anakuja kutia saini wakati utafutaji wake wa kwanza umeshafutika. Pakua jedwali kila mwezi ulihifadhi mwenyewe. Ukipakua utapata mistari 1,000 tu, na maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana hufichwa kulinda faragha yao. Hayo yaliyofichwa mara nyingi ndiyo maswali marefu, yenye maelezo ya kiwanja na idadi ya vyumba, ambayo mjenzi angeyapenda kuliko yote.

Wastani wa nafasi nao usikupe kiburi. Unaweza kuwa wa pili kwa neno lililotafutwa na watu walioko nchi usikojenga. Chuja kwa nchi kwanza. Na kitufe cha kuomba ukurasa uingizwe kwenye faharasa kibonyeze mara moja, kurudia hakuharakishi chochote.

Kubwa zaidi, chombo hiki kinaishia mlangoni. Hakijui nani alipiga simu, nani alituma ujumbe, nani alisaini. Sisi tumeweka daftari mapokezi, na kila mpigaji anaulizwa alikuwa anatafuta nini alipotupata.

Nyota nne kati ya tano, kwa kampuni yenye mtu wa kukaa na jedwali hilo na mhandisi wa kujibu yaliyomo. Kama tovuti yako ni ukurasa mmoja wenye namba ya simu, bado huna cha kupima. Anza kwa kuandika majibu ya maswali matano ambayo wateja wako huuliza kila wiki.