Subaru ya zamani: ipi ununue, ipi uipige picha tu

Wakuu, kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue Subaru gani, halafu anakuja na picha ya gari ambayo ameshaipenda tayari, ina tundu kwenye boneti na rimu nyeusi, yaani hajaja kuomba ushauri, amekuja kuomba baraka. Sasa naandika mara moja, nikiulizwa tena narusha hii. Naongelea gari za mkononi hapa Bongo, namba C, namba D na E za mwanzoni, zile unazioneshwa na dalali jioni chini ya mwembe. Nimemiliki tatu mpaka sasa na ya katikati ndiyo iliyonifundisha, kwa hela yangu mwenyewe.

Kabla ya orodha, elewa kitu kimoja. Uzembe ambao Toyota itakuvumilia miaka mitano, Subaru inakudai mwezi huo huo. Injini yake pistoni zimelala, mbili kulia mbili kushoto, kwa hiyo plagi ziko ubavuni karibu na chesisi na tapeti kava nazo ziko ubavuni, oili ikivuja haimwagiki chini tu inadondokea eksosi, unasikia harufu ya kuungua ukisimama foleni ya Tazara unadhani ni gari la mbele. Fundi aliyezoea Corolla atakubadilishia plagi tatu, ile ya nne ngumu kufikia ataiacha na hatakwambia. Kwa hiyo tafuta fundi kwanza ndio utafute gari, wengi tunafanya kinyume. (Jina lenyewe, Subaru ni Kijapani cha zile nyota wazee wetu wanaita Kilimia, ndio hizo sita kwenye nembo.)

Namba moja kwangu, na hapa sibishani sana, ni Forester SG5 (hizo herufi na namba ndizo zinazoanza namba ya chesisi) isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Hii imetengenezwa 2002 mpaka 2007, ukiweza chukua iliyobadilishwa sura 2005, utaijua kwa taa za mbele. Injini 2.0, gia otomatiki za spidi nne ambazo zimezoeleka kwa mafundi, iko juu ya ardhi karibu sentimita 20 kwa hiyo barabara ya kwenda kwa mama mkwe haikutishi, na spea zake ukienda Shaurimoyo pale Ilala au Gerezani unazikuta za mtumba na mpya, kuanzia taa mpaka nusu ya gari. Yangu mjini inaenda kilomita 8 au 9 kwa lita, safari ndefu 11 na kidogo nisipokuwa na haraka. Aliyekudanganya kwamba inakula kama Passo muulize alikuwa anaendesha au anasukuma.

Magonjwa yake yanajulikana na hilo ndilo ninalolipendea. Taiming belti inabadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni, hapo unaanza kuongelea injini nyingine. Usibadilishe belti peke yake, badilisha na tenshena (kikaza belti) na vile vigurudumu vyake na pampu ya maji kwa mkupuo, sababu mara nyingi belti inakufa kwa kigurudumu kilichojam. Beringi za tairi za nyuma zinaanza kuvuma ukifika spidi 80. Pampu ya stelingi ikilia asubuhi mara nyingi ni kale ka mpira ka bei ya soda kwenye bomba la kuingizia, sio pampu, ila fundi mwenye njaa atakuuzia pampu. Halafu kuna shokapu za nyuma, SG nyingi zilikuja na zile zinazojinyanyua zenyewe gari ikibeba mzigo, zikifa gari inakaa chini nyuma kama imebeba saruji. Bei ya kuzirudisha zilezile inauma. Watu wanaweka za kawaida, ni sawa kabisa, ila lazima ubadilishe na springi, sababu springi za awali ni laini zilikuwa zinategemea shokapu. Ukiweka shokapu za kawaida juu ya springi zile utarudi gereji wiki hiyo hiyo kulaumu watu.

Ya pili ni Forester umbo linalofuata, SH, ila sikiliza vizuri hapa ndipo watu wanapigwa. Sokoni zote zinaitwa SH5. Kuanzia mwishoni mwa 2010 zile zisizo na tabo zilipewa injini mpya, FB20, inayotumia cheni badala ya belti, na namba ya chesisi yake inaanza na SHJ. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Muuzaji akisema ni ya cheni, fungua boneti usome chesisi, kama ni SH5 ya 2.0 isiyo na tabo basi ni injini ya belti, na ina kamshafti (shafti za kufungua valvu) nne, kazi ya kufunga belti haitaki fundi wa kubahatisha. Sio gari mbaya, ila usilipe bei ya SHJ kwa SH5. Mbona sijaipa SHJ nafasi ya kwanza? Sababu injini hizi za FB za mwanzo zina tabia ya kula oili. Siyo zote, lakini ukiipata inayokula utakuwa unaongeza kati ya sevisi mbili, na usipokagua unaiua bila kusikia kelele yoyote. Pia bei yake bado iko juu, na tofauti hiyo mimi ningeimalizia kwenye SG ikawa mpya kabisa chini.

Ya tatu Impreza, GG au GH. Kwa mtu wa mjini, single, au mama wa kupeleka watoto shule, inatosha na kubaki. Tahadhari tu kwenye 1.5 inayovuta tairi zote nne, GG3 na GH3, ile injini ni ndogo kwa uzito ule, ukipanda mlima na watu wanne unakanyaga mpaka chini na mafuta inakula karibu sawa na 2.0. Kama unataka 1.5 chukua ya kuvuta mbele tu, GG2 au GH2, nyepesi na rahisi kutunza. Wenye maduka ya Subaru watanichukia, wao wanaamini bila tairi nne sio Subaru.

Legacy BP5 ya 2.0i nimeiweka ya nne kwa sababu moja tu, iko chini. Inakaa barabarani kuliko hizo zote, ndani imetulia, Dar kwenda Dodoma unafika hujachoka. Ila matuta yetu na mashimo ya mitaani bampa la mbele litakuwa linashonwa kwa waya kila mwezi. Ndugu yake Outback iko juu na ni nzuri mno kwa macho, lakini ile ya 2.5, BP9, injini yake ndiyo yenye sifa duniani ya kuvuja gasketi ya silinda hedi. Ukiikuta gasketi imeshabadilishwa za chuma za tabaka, na hedi zilipelekwa kusawazishwa, na kuna risiti, hapo unaweza kuongea bei. Bila risiti ni hadithi.

Sasa za tabo. Najua ndizo mlizokuja nazo. Tangu yule dereva wa rali Colin McRae ashinde Safari Rally na Impreza mwaka 1997 ugonjwa huu ulivuka Namanga ukaja kwetu na haujapata chanjo. Forester XT, Cross Sports zile zenye tabo, Legacy GT, zote tamu, nakiri. Ile ya katikati niliyowaambia ilikuwa Legacy GT wagoni. Fundi mmoja aliniambia gari inachemka kidogo, akatoa thamostati akaitupa, akasema nchi ya joto haina kazi. Nikamwamini. Thamostati ndiyo inayopanga joto la injini, ukiitoa injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inamwaga mafuta mengi, na ile shida halisi iliyokuwa inachemsha, kwangu ilikuwa rejeta imeziba kwa maji ya bomba, inabaki palepale. Na oili mimi mwenyewe sikukagua wiki tatu, hilo nalibeba. Tulipopita Ruaha Mbuyuni ikaanza kugonga, tok tok tok, Kitonga hata hatukuianza, ikavutwa mpaka Iringa. Beringi za konrodi zimekwisha. Injini niliyonunua ya mtumba na gharama ya kufunga ningepata nayo kiwanja.

Kwa hiyo tabo iko namba tano, na ni kwa mtu anayekagua oili kila Jumamosi bila kukumbushwa. Ukiinunua, mwambie fundi akague vile vichujio vidogo vilivyo ndani ya boliti za bomba la oili linaloenda kwenye tabo, vikiziba tabo inakufa kiu. Na ukikuta gari imewekewa ile valvu inayopuliza "pshhh" hewani, shusha bei au ondoka. Injini hizi zinapima hewa mwanzoni kabisa inapoingia, sasa wewe hewa iliyokwisha kupimwa unaitupa nje, kompyuta imeshaiandalia mafuta, ndio maana zinatoa moshi mweusi na kukohoa ukibadili gia. Rudisha ya kiwandani. Eksosi kubwa kwenye isiyo na tabo ni kelele tu, majirani hawajui tofauti.

Ya mwisho kabisa, Legacy ya zamani BH5 au B4 yenye tabo mbili. Mabomba ya vakyumu yamepita kila mahali kama utumbo, na kumpata anayeyajua yote ni kazi kweli. Piga nayo picha, rudisha funguo.

Kwenye ukaguzi, nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe. Ukikuta boneti ina joto, jiulize anaficha nini. Ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta uangalie maji, ufunge tena, washa, iache inguruze na AC imewashwa nusu saa hivi, angalia kitungi cha maji. Mapovu yanayokuja bila kukoma au utando wa mafuta, hiyo gasketi imeondoka, salimia ondoka. Kumbuka tu hizi injini zinashika hewa, kama maji yamejazwa jana bila kutoa hewa vizuri mapovu machache yatakuwepo, ila yataisha.

Kisha nenda uwanjani, kata stelingi mpaka mwisho, zunguka taratibu. Ikiwa inajivuta, inagongagonga, kama imeshikwa breki, klachi ya kupeleka nguvu nyuma imeanza kuchoka. Mara nyingi chanzo ni tairi zisizolingana, hii gari inataka tairi nne saizi moja na kashata zilizolika sawa, mbili mpya mbili kipara unaiua gia boksi polepole. Na kuna ujanja wa madalali: chini ya boneti kwenye otomatiki hizi za spidi nne kuna nafasi ya fyuzi imeandikwa FWD, ukichomeka fyuzi gari inaacha kuvuta nyuma na kule kujivuta kunapotea. Kwa kawaida nafasi hiyo iko tupu. Ukikuta fyuzi, na taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi, ichomoe wewe mwenyewe halafu zunguka tena, muangalie muuzaji usoni.

Bei mkishakubaliana, bakiza milioni mbili hadi tatu ambazo hazimhusu muuzaji. Wiki ya kwanza, belti na wenzake kama hakuna ushahidi wa kubadilishwa, kulanti halisi (maji maalumu ya rejeta) sio maji ya bomba, thamostati mpya, oili ya injini, gia boksi na difu. Na mwambie fundi kabla hajaanza kwamba ile belti ya zamani na vigurudumu vyake utaondoka navyo kwenye mfuko, atavifunga vipya kweli.