Chupa tatu za maji ya maua katika trei ya vipande vya limau

Mtu aliyelelewa Unguja huijua harufu ya mawaridi kabla hajajua jina lake. Hurashiwa maji yake kwa mrashi katika maulidi na harusi, huyaonja katika halua na vileja, na siku ya maziko huyaona yakimwagwa juu ya kaburi bichi. Kwa malezi hayo nilidhani kwamba kuyatia katika vipande vya limau ninavyooka nyumbani lingekuwa jambo la kijiko kimoja na kumaliza. Imenichukua trei saba, na chupa tatu zilizotoka pande tatu tofauti, kufahamu kwamba ua likikutana na uchachu hubadilika tabia, na kwamba si kila chupa iliyoandikwa waridi inastahili kuingia jikoni.

Vipande vya limau, kwa asiyevijua, ni kitamu kilichoenea katika majumba ya Marekani tangu miaka ya 1960. Chini huwa na tabaka la unga na siagi linalovunjika mdomoni mithili ya kileja, juu huwa na tabaka laini la mayai, sukari na maji ya limau, na vyote huokwa katika trei moja, vikaachwa vipoe, kisha vikakatwa miraba. Vitu vyake karibu vyote vinapatikana katika soko la Darajani siku yoyote. Kinachohitaji kuchaguliwa kwa makini ni siagi, ambayo lazima iwe siagi kweli, kwa kuwa majarini huacha utando kinywani na harufu yake hugombana na ua lolote utakalolitia.

Ili chupa zote zihukumiwe kwa haki, nilitumia vipimo vilevile kila mara. Trei yangu ina sentimita 20 kwa 20. Tabaka la chini lilikuwa gramu 150 za unga wa ngano, gramu 115 za siagi baridi, gramu 40 za sukari ya unga na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Nilivifikicha pamoja, nikavikandamiza katika trei na kuvioka peke yake kwa nyuzi 175 kwa dakika 20 hivi, mpaka kingo zikaanza kupata rangi ya dhahabu. Tabaka la juu lilikuwa mayai matatu, gramu 200 za sukari, gramu 20 za unga, mililita 120 za maji ya limau na ganda la malimau mawili lililokwaruzwa. Mchanganyiko huu humiminwa juu ya tabaka la chini lingali moto, kwani likiachwa lipoe kwanza huwa rahisi matabaka hayo mawili kuachana wakati wa kukata, kisha trei hurudishwa katika oveni kwa nyuzi 160 mpaka kingo zishike na katikati patikisike kidogo tu. Trei ya nne siihesabu, kwa sababu umeme ulikatika dakika ya nane na nilichobaki nacho kilikuwa uji wa mayai juu ya biskuti.

Kuhusu limau lenyewe nina maneno zaidi, kwa sababu wengi huanza kutafuta ua kabla hawajalipata tunda. Limau la kwetu lina ganda nene lenye mabonde, na harufu yote tunayoitafuta imo katika ngozi ya nje ya manjano; utando mweupe ulio chini yake ni mchungu, na ukikwaruza kwa pupa ukaufikia, hakuna maji ya waridi yatakayoufunika. Mimi huifikicha ngozi hiyo iliyokwaruzwa pamoja na sukari kwa vidole, kabla ya kutia mayai, mpaka sukari ilowane na kugeuka manjano kidogo, na jikoni kote kunanukia. Chembe za sukari huikwangua ngozi ikatoa mafuta yake, na hatua hii ya dakika mbili huongeza harufu kuliko limau la tatu. Nilijaribu pia ndimu mara moja. Uchachu wake ni mkali na mzuri, lakini harufu yake ilikataa kukaa pamoja na waridi, na walioonja walisema inawakumbusha samaki wa kuchoma, jambo ambalo kwa watu wa pwani halishangazi. Jambo jingine dogo: trei ya alumini itandikwe karatasi ya kuokea, maana uchachu wa limau huishambulia na kuacha ladha ya chuma.

Chupa ya kwanza niliinunua katika duka moja la vipodozi na viungo mjini, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba ni ya kupikia. Ilikuwa ya plastiki, yenye picha ya waridi jekundu, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya nusu kilo ya siagi. Nilitia vijiko viwili vya chai katika mchanganyiko wa limau. Wakati wa kuoka harufu ilijaa nyumba nzima, nami nikafurahi, ila nilipoonja nilikuta ladha ya sabuni upande wa nyuma wa ulimi, na uchungu uliobaki hata baada ya kunywa chai. Bibi yangu alikitafuna kipande kimoja kwa adabu, akakiweka kilichobaki sahanini, akasema, "Mwanangu, hii imenuka maulidi, lakini haijaleta chakula cha maulidi." Ndipo nilipoivaa miwani na kuisoma lebo kwa nyuma, pembeni kabisa, kwa maandishi madogo: maji, manukato, kihifadhio, na maelekezo ya kupaka usoni asubuhi na jioni. Kosa la kununua bila kusoma ni langu, lakini kosa la kuniuzia dawa ya uso kwa jina la kiungo si langu. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: chupa ya jikoni iwe na maneno mawili tu katika orodha ya vilivyomo, yaani maji na mawaridi yaliyokenekwa (yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa), au ieleze wazi kwamba ni ya chakula. Chupa isiyosema kitu naiacha dukani.

Chupa ya pili ililetwa na jamaa aliyetoka Maskati, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ni maji ya mawaridi ya Jabal Akhdar, milima ya Oman ambako mawaridi hulimwa katika ngazi za mashamba zilizo juu kiasi cha mita 2,000, na kuchumwa katika majira ya kuchipua, alfajiri, kabla jua halijayapunguza harufu. Kwa njia ya zamani, maua hutiwa katika chungu cha shaba juu ya tanuri la udongo linalochochewa kwa kuni. Mvuke hupanda, hukutana na chombo cha maji baridi kilichofunika juu, hugeuka matone na kudondokea katika chombo kidogo kilichomo ndani. Kwa kuwa moto ni wa kuni na maua huiva chini ya chungu, maji hayo hayatoki meupe. Yana rangi ya chai iliyozimuliwa sana na harufu ya moshi iliyochanganyika na ua. Anayeijua halua ya Oman ataitambua mara moja.

Katika limau, sitaficha, maji haya yalinishinda mara ya kwanza. Moshi na uchachu havikupatana; kipande kilikuwa kama kimeokwa karibu na jiko la mkaa, na waridi lilijificha nyuma. Nilikuwa karibu kuirudisha chupa kabatini ingojee halua, nilipokumbuka kwamba tabaka la chini ni ndugu wa kileja, na kileja hupenda hiliki na mawaridi. Katika trei iliyofuata niliuacha mchanganyiko wa limau kama ulivyo, nikatia kijiko kimoja cha chai cha maji ya Oman katika unga wa chini pamoja na robo kijiko cha hiliki iliyosagwa. Matokeo yalikuwa tofauti kabisa. Ukiuma, limau hutangulia, kali na safi, kisha tabaka la chini linapovunjika hupanda harufu ya waridi yenye moshi kidogo, kama mlango wa chumba chenye chetezo umefunguliwa mahali fulani ndani ya nyumba. Siagi ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwa kuwa harufu hizi hushikana na mafuta vizuri kuliko maji, na mafuta huzilinda zisitoroke zote na mvuke wa oveni. Ila tabaka hilo likitiwa maji mengi kuliko kijiko kimoja hugeuka gumu badala ya kuvunjika, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Chupa ya tatu si ya waridi. Ni maji ya maua ya mdanzi, ambayo Waarabu huyaita maa zahr, ya kampuni ya Cortas ya Lebanon, katika chupa ya kioo ya mililita 300. Huko Lebanon, mji wa Maghdouché ulio karibu na Saida unajulikana kwa ukenekaji wa maua haya, na watu hutia kijiko chake katika maji ya moto baada ya chakula wakayaita kahawa nyeupe, ingawa hamna hata punje ya kahawa ndani yake. Danzi tunalijua sisi kama chungwa chungu lisiloliwa na mtu mwenye chungwa tamu mkononi, lakini ua lake ni neema. Na hapa ndipo niliposadiki kwamba undugu wa mimea si maneno matupu: mdanzi na mlimau ni wa ukoo mmoja, na linalooli, ambayo ni sehemu kubwa ya harufu ya ua la mdanzi, imo pia kwa kiasi kidogo katika ganda la limau. Vikikutana katika trei, mlaji hadhani ametiliwa manukato. Anadhani amepata limau bora zaidi. Binti yangu, ambaye waridi alilikataa katika kila umbo, alikula vipande vitatu, akauliza malimau hayo yametoka shamba gani.

Wakati wa kutia una uzito sawa na chupa yenyewe. Nilipotia maji ya mdanzi katika mchanganyiko kabla ya kuoka, kijiko kimoja kikubwa kilihitajika ndipo harufu ibaki ya kutosha, na sehemu kubwa yake niliisikia ikitoka katika oveni badala ya kuibakisha katika kitamu. Nilipoigawa trei mara mbili, nusu moja nikaipaka vipande vilipokwisha kupoa kabisa sukari ya unga gramu 30 iliyokorogwa kwa kijiko kimoja cha chai cha maji hayohayo, nusu hiyo iliishinda ile ya kuoka kwa mbali, kwa kiasi kidogo zaidi. Ubaya wake ni utamu: sukari ya juu hupunguza makali ya limau, na mimi napenda limau linipige kidogo. Suluhisho nililolifikia ni kupunguza sukari ya ndani hadi gramu 170 ninapojua kwamba nitapaka juu. Chini ya hapo mayai hushika kwa haraka na tabaka huwa kama mayai ya kuchemsha, kwa hiyo sishauri kushuka zaidi.

Kukata nako kuna subira yake. Vipande vikikatwa vikiwa vuguvugu hutoka kama vimekanyagwa. Mimi huiacha trei ipoe mezani saa moja, nikaiweka katika friji kwa saa tatu au usiku kucha, kisha nikakata kwa kisu kirefu kilichochovywa katika maji ya moto na kupanguswa kila baada ya mkato mmoja. Harufu ya ua pia hutulia katika saa hizo. Siku ya pili maji ya mdanzi husikika kwa upole zaidi, ilhali waridi la Oman huongezeka, jambo ambalo sikulitarajia.

Kwa atakayeuliza aanze na chupa ipi, jibu langu ni ile ya Cortas, kwa sababu inasamehe. Ukizidisha kidogo haikuadhibu, inafaa tabaka la juu na la kupaka, na baada ya trei nne bado imejaa zaidi ya nusu, hata bei yake ya kigeni ikawa si kitu ukiigawa kwa vipande. Maji ya Oman nayapa heshima ya juu zaidi kwa harufu, lakini ni ya mtu aliyekwisha kuoka trei kadhaa na kujua anakotaka kuyaweka. Na kwa kuwa hupatikana kwa msimu na kwa mkono wa msafiri, si haki kumwambia mtu ayategemee. Zote mbili nazihifadhi kabatini penye giza, mbali na jiko, zikiwa zimefungwa vizuri. Bibi ameniagiza nimuokee trei yenye waridi chini na mdanzi juu kwa ajili ya wageni wa Idi, nami nimekwisha kuweka malimau kando. Chupa ya kwanza ipo bafuni, ambako imekuwa ya manufaa.