Mfuko wa Kuoteshea Uyoga Mamama: Somo la Kuvu Nyumbani

Mfuko huu, uliojazwa mabua ya mpunga yaliyochemshwa na kuchanganywa na mbegu za uyoga, niliununulia wanangu wawili wanaosoma shule ya msingi, na sijutii hata kidogo. Tuliuweka gizani kwa wiki tatu, tukaona nyuzi nyeupe zikitanda ndani ya plastiki hadi mabua yakashikamana kama mkate. Nyuzi hizo ndizo mwili wenyewe wa kuvu, ambao humwaga vimeng'enya, humeng'enya chakula kikiwa nje, kisha hukifyonza. Uyoga tunaoula ni sehemu ya uzazi tu. Kofia moja tuliilaza juu ya karatasi nyeusi usiku kucha, na asubuhi watoto wakakuta spora, yaani chembe ndogo za uzazi wa kuvu, zimechora mistari myeupe, myembamba kama unywele, wakanyamaza kwa mshangao.

Kasoro ni karatasi ya maelekezo, inayouita uyoga mmea, ilhali hauna umbijani (rangi ya kijani ya mimea), haujitengenezei chakula, na kuta za seli zake zina kitini, dutu ngumu kama iliyo kwenye gamba la mende. Muuzaji airekebishe upesi, maana mtoto huamini kilichochapwa. Chumba nacho kiwe na hewa ya kutosha, kwa kuwa spora nyingi hukera mapafu.