Uzoefu wangu wa kupunguza kelele za ekzosi ya pikipiki: kizibo, gasketi na pamba mpya

Habari zenu wakuu, hii kazi nimekaa nayo kama miezi mitano sasa kwa hiyo naona naweza kuiongelea bila kubahatisha. Pikipiki yangu ni ya silinda moja, cc 250, ya kabureta, niliinunua mkononi kwa mtu ikiwa tayari ina ekzosi ya wazi, ile ya kampuni alishaitoa na hajui hata ilipoenda. Mwanzoni sikuona tatizo. Afu tukapata mtoto, na mimi natoka shifti ya usiku, nafika nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kila nikifika mtoto anashtuka na mama yake ndo kwanza kapata usingizi nusu saa iliyopita. Ikabidi niwe nazima injini kule kwenye kona naisukuma mpaka mlangoni, kilo 140 na ushee, mwili wote umechoka. Wiki tatu nimesukuma hivyo. Nikasema hapana, hii ekzosi lazima inyamaze.

Kabla ya kununua chochote nilipima. Programu ya simu ya kupima desibeli sio kipimo cha kuaminika sana ila ukitumia simu ileile, sehemu ileile, utaona tofauti. Mi nilifanya kama wanavyopima wakaguzi, simu ikae sentimita 50 kutoka kwenye mdomo wa ekzosi, kwa upande, nyuzi 45, isikae usawa wa moshi unapotokea, afu injini ishikiliwe kwenye nusu ya mzunguko ule inapotoa nguvu zake zote. Nikapata 104. Kumbuka tu desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari, ikishuka 3 nishati ya sauti imeshakuwa nusu lakini sikio linaona kidogo tu, mpaka ishuke kama 10 hivi ndo mtu anasema eeh, sasa kelele imekuwa nusu.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni kile kibomba kidogo cha kuchomeka mdomoni mwa ekzosi, wauzaji wanakiita dibikila, mi nakiita kizibo. Kinashikwa na bolti moja kwa chini, dakika tano umemaliza. Kilikuwa na tundu la milimita 18 wakati mdomo wa ekzosi ni 50, kwa hiyo unaona jinsi njia ilivyobanwa. Kelele ilishuka hadi 97 nikafurahi sana, ila barabarani pikipiki ikawa kama mtu kazibwa pua, gia za chini inaenda vizuri lakini ukitaka kuvuta mafuta mengi inagoma, haipandi. Baada ya siku nne nikatoa plagi, nyeusi, ina masizi makavu kama sufuria ya kuni. Yaani moshi hautoki vizuri, hewa mpya inaingia kidogo, petroli imezidi. Kwa hiyo kizibo chenye tundu dogo sana sikishauri kwa mtu yeyote, utapata ukimya ila injini ndo itaulipia.

Kosa la pili ni langu la kusikiliza kila mtu. Kuna fundi aliniambia hicho kitu ni rahisi, akachukua stilwaya ile ya kusugulia vyombo akaijaza mdomoni mwa ekzosi nyuma ya kizibo. Siku ya kwanza kimya kweli. Siku ya pili usiku naendesha, nikaona kwenye kioo cha pembeni vicheche vyekundu vinaruka nyuma yangu, stilwaya inaungua inatoka vipande vipande. Nilisimama nikakaa pembeni ya barabara mpaka ekzosi ikapoa. Nywele zile nyembamba za chuma cha kawaida zinashika moto haraka sana na nyuma yangu angeweza kuwepo mtu. Nawaomba msifanye hiki kitu kabisa.

Nilipotulia ndo nikaanza kufikiria vizuri, kelele inatokea wapi hasa? Maana nilikuwa nashughulika na mdomo tu, na huku mbele ilikuwa na sauti kali ya cha-cha-cha, na nikiachia mafuta kwenye mteremko inalipua pa! pa! Asubuhi injini ikiwa ya baridi nikavaa glovu nene, nikaiwasha, nikaziba mdomo wa ekzosi na tambara kwa sekunde mbili tatu (nje kwenye hewa, usifanye ndani ya chumba kwa sababu huo moshi una sumu isiyo na harufu). Papo hapo nikasikia inafoka pale bomba linapoungana na injini, na nikimulika na tochi naona doa jeusi la masizi kwenye mapezi ya silinda. Gasketi imekwisha. Ile gasketi ni pete tu ya shaba ya kuziba hicho kiungo, ikishabanwa mara moja ina shepu yake tayari, ukifungua ukarudisha ileile haikai sawa, na aliyebadilisha ekzosi nadhani aliirudisha ileile. Nikaweka mpya, nikakaza nati mbili kidogo kidogo kwa zamu zisivute upande mmoja. Simu ilishuka desibeli 2 tu lakini ile sauti kali ya kutoboa masikio iliondoka, na milipuko ya kwenye mteremko ikaisha, maana hewa ilikuwa inaingia pale inakutana na petroli ambayo haijaungua. Katika vitu vyote nilivyonunua hiki ndo kidogo kuliko vyote na ndo nakisifia zaidi.

Sasa pamba. Ekzosi ya wazi ndani ni bomba lenye matundu matundu limezungushiwa pamba ya kioo, afu nje ndo lile kopo unaloliona linang'aa. Sauti inapita kwenye matundu inafia kwenye pamba. Pamba inaungua taratibu na kupeperuka, na ikiisha unabaki unaendesha na debe. Nilitoboa ribiti kwa drili ya milimita 5, nikagonga mfuniko na nyundo ya mpira, nikavuta. Nilichokuta kinasikitisha, upande wa mbele hakuna pamba kabisa, bomba tupu, na upande wa nyuma kumebaki kitu cheusi kigumu kama mkaa uliolowa ukakauka, ukikishika kinakuwa unga. Matundu karibu robo yameziba masizi. Nilikaa nayo na brashi ya waya na msumari jioni nzima, tundu kwa tundu.

Nilinunua pamba ya nyuzi ndefu inayouzwa kwa ajili ya ekzosi, sio ile ya kuzuia joto kwenye majengo, ile nyuzi zake ni fupi zinapulizwa nje, na ina gundi inayoungua. Vaa glovu, barakoa na miwani, mi sehemu ndogo ya mkono iliyobaki wazi iliniwasha siku mbili. Kwanza nikazungusha bomba na tabaka jembamba la nyuzi za stenlesi, hiyo inazuia moto usile pamba moja kwa moja, afu juu yake pamba yenyewe, nikaifunga na utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa wapaka rangi, utaungua wenyewe huko ndani. Utamu uko kwenye kubana. Ukishindilia sana pamba inakuwa kama ukuta, sauti inagonga inarudi, ukiweka legelege inasogea na kuacha pengo. Nilijua iko sawa pale ambapo bomba liliingia kwenye kopo kwa kusukuma na mikono miwili bila nyundo. Nikapaka silikoni ya joto kali kwenye mfuniko, nikapiga ribiti za stenlesi, za aluminiamu zinalegea na joto.

Ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi na harufu ya kuungua kama dakika 20, usiogope. Afu nikarudisha kizibo, ila safari hii chenye tundu la milimita 26. Simu ikasoma 91. Kutoka 104! Na plagi baada ya wiki ilikuwa rangi ya kahawia kama biskuti, pikipiki inavuta kama zamani. Mngurumo mzito wa chini bado upo, huo pamba haiuwezi sana, pamba inakula sauti za juu zaidi. Ila nafika mlangoni nikiwa juu ya pikipiki. Wiki ya pili mke wangu akaniuliza, baba, jana ulirudi saa ngapi? Acha tu.

Kuna vitu sijavipenda. Ile bolti ya kizibo inalegea na mtikisiko, gundi ya kushika nati haivumilii joto la pale, nimeitoboa kichwa nikapitisha waya. Pamba nayo itaisha tena, nimepanga kufungua mwakani niangalie. Na baada ya ekzosi kunyamaza nilianza kusikia tiki-tiki huku juu kwenye vali, nikadhani nimeharibu kitu, kumbe ilikuwepo siku zote, kelele ndo ilikuwa inaifunika. Nilipopima uwazi wa vali ulikuwa umezidi, nikaurekebisha.

Kama wewe bado una ekzosi yako ya kampuni hata kama iko stoo ina kutu, irudishe hiyo, usihangaike na haya yote. Ndani yake ina vyumba na vibomba vinavyopishana, sauti inagongana yenyewe kwa yenyewe inakufa humo, mpaka ule mngurumo wa chini, na kabureta iliwekewa jeti (kile kitundu cha kupimia petroli) kwa ajili yake. Mimi ningeipata yangu leo ningefunga leo.