Eduroam mwaka mzima hapa Dodoma, uzoefu wangu

Eduroam, ile waifai ya vyuo, naipa nyota nne. Ya tano nimeishika kwanza, mtaona kwanini.

Mimi nasoma masters hapa Dodoma, utafiti wangu ni wa alizeti kule Kongwa na kazi kubwa ni kushusha picha za setilaiti. Sasa hizi picha za Sentinel-2 zinatolewa bure kabisa, unajisajili unachukua, ila hiyo bure yenyewe picha moja inafika kama GB moja na mimi nataka za kabla ya mvua, za katikati na za wakati wa kuvuna, misimu mitano, we piga hesabu. Mwanzoni nilikuwa nashushia bando la usiku, natega alamu saa sita naanzisha, naamka saa kumi nakuta imegota asilimia 93 na bando limekata. Hela ya kwenda fildi iliishia kwenye vocha aisee.

Ndo jamaa mmoja wa IT akaniuliza, dada kwani eduroam hutumii? Hilo jina nilikuwa naliona kwenye simu kila siku nikajua ni waifai ya wahadhiri. Kumbe unaweka imeili ya chuo na paswedi yake mara moja tu, simu ikishakariri basi. Nyuma yake kuna TERNET, ule mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti Tanzania, ambao umeungana na wenzake wa ukanda huu kupitia UbuntuNet Alliance yenye ofisi Lilongwe, na kutoka hapo njia inaenda mpaka GÉANT, mtandao wa namna hiyohiyo kule Ulaya. Chuo ndo kinalipia, mwanafunzi huulizwi umetumia GB ngapi. Ilijengwa kwa ajili ya masomo na utafiti, japo tusidanganyane, hosteli watu wanaangalia TikTok humohumo.

Ile picha iliyokuwa inanikesha, nikiwahi maktaba saa moja asubuhi inashuka dakika tano hivi. Wiki moja tu nimemaliza misimu yote, nimekaa kwenye kona namung'unya ubuyu. Ila saa nne usijaribu, ukumbi ukishajaa hata imeili haifunguki, na kwa hilo msiilaumu TERNET maana nilichomeka waya kwenye tundu la ukutani saa hiyohiyo ikawa inatembea kama kawaida. Tatizo ni kale kaboksi ka waifai ka darini, kako peke yake na kamebebeshwa watu zaidi ya mia. Tangu siku hiyo natembea na waya wangu kwenye begi, wananicheka, sawa tu.

Raha yenyewe niliipata Kampala. Nilienda Makerere kwenye semina, laini ya Uganda hata sijanunua, nashuka kwenye boda naingia getini nasikia simu inalia mfululizo, meseji za WhatsApp zinamiminika, kumbe eduroam na kwao ipo, sijaomba paswedi kwa mtu yeyote! Nikajiona profesa.

Kesho yake nimebakiza watu wawili kabla ya zamu yangu, nataka kushusha slaidi zangu, eduroam imegoma. Wenzangu wote wako hewani mimi tu ndo nazungushwa, nikaanza kuwahisi Waganda wa watu vibaya. Kumbe ukiwa ugenini paswedi yako hawana, wanachofanya ni kupeleka ombi lako mpaka kwenye sava ya chuo ulikotoka, nayo ndo inajibu huyu wa kwetu mruhusuni. Sasa nyumbani Dodoma umeme ulikuwa umekatika na sava imelala. Yaani mtu niko Kampala, taa zinawaka, nasubiri umeme urudi Dodoma ndo niingie waifai! Slaidi nilikuja kusoma kwenye simu ya Mmalawi mmoja, Mungu ambariki.

Niliporudi nikapitia kwa wale jamaa wa IT nikawauliza, jamani sava si ina UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika? Wakanipeleka kuiona. Ipo kweli, kubwa, taa nyekundu inawaka inapiga piii, piii, na juu yake wameweka chupa ya chai na vikombe vitatu.

"Betri ndo imekufa dada, barua tumeshaandika."

"Lini?"

"Mwaka jana."