Kingamwili ya BOP1, na lile swali la friza

Nyota moja. Mwenye haraka aishie hapa hapa.

Nafanya kazi na seli za saratani ya utumbo mpana, HCT116, kwenye maabara moja Dar es Salaam. Ninachofuatilia ni BOP1, protini inayoungana na PES1 na WDR12 kutengeneza kile kipande kikubwa cha ribosomu (mashine ya seli ya kutengeneza protini), 60S. Ukiipunguza, rRNA ya 28S, RNA iliyomo ndani ya kipande hicho, haikamiliki inavyotakiwa na seli inakwama. Kwa hiyo kingamwili, protini inayotakiwa kuinasa BOP1 peke yake, nilitaka iniambie jambo moja tu: BOP1 ipo, au haipo.

Nikaagiza. Ilikuwa mwaka jana, vuli zimeshaanza. Bei ya kichupa, juu yake usafiri, juu yake forodha, na wiki kadhaa za kusubiri. Boksi lilipofika nililifungua mwenyewe. Barafu ya jeli ilikuwa bado imeganda katikati. Kichupa kikaingia kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, kabla hata sijavua koti la maabara.

Bloti ya kwanza (protini hupangwa kwa ukubwa kwenye utando, na ile iliyonaswa na kingamwili huonekana kama bendi): bendi moja nene, safi, juu kidogo tu ya alama ya 55. BOP1 ina kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini, kama 84. Nikajiambia labda protini imekatika wakati wa kupasua seli. Nikarudia, nikaongeza dawa ya kuzuia vimeng'enya. Bendi pale pale. Nikabadilisha maziwa ya kuzibia utando nikaweka albumini. Pale pale. Basi nikaenda kwenye kipimo chenyewe: nikaizima BOP1 kwa siRNA, vipande vya RNA vinavyozima jeni, nikapima mRNA yake, ujumbe wa jeni wa kutengeneza protini, imeshuka hadi kama robo. Nikapiga bloti, seli zilizozimwa kando ya zisizozimwa. Aktini, protini ya kulinganishia, sawa pande zote mbili. Na ile bendi ya chini nayo sawa sawa, haikutikisika hata kidogo. Jamani, kitu kinachobaki vile vile wakati protini yenyewe imezimwa, hicho si BOP1. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mpaka hapo nilikuwa sijakasirika. Kingamwili mbovu zipo, kila aliyewahi kushika pipeti anajua. Nikawaandikia walioniuzia, kwa adabu, nikaambatanisha picha zote, utando mzima bila kuukata. Nikauliza: je, loti hii, yaani fungu hili la uzalishaji, mliijaribu kwenye seli zilizozimwa BOP1?

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Mistari mitatu. Hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Jaribu tena kwa kupunguza kipimo. Na huu wa tatu naukumbuka neno kwa neno: una uhakika maabara yenu ina friza inayokaa kwenye baridi hiyo muda wote?

Niliusoma nikiwa nimesimama. Kwenye mlango wa friza yetu kunaning'inia daftari. Kila asubuhi na kila jioni mtu anaandika nyuzi na kusaini, Jumapili na sikukuu zimo. Umeme ukikatika jenereta inawaka, na bado kuna mtu anakuja usiku kuangalia. Kaka yetu fundi wa maabara ameacha futari nyumbani kwake mara mbili kwa ajili ya friza ile. Halafu mtu ambaye swali langu hakuligusa kabisa, aliyeona Tanzania kwenye anwani na kutosheka, ananiuliza kama tuna friza! Na kama ni joto, joto linaua kingamwili, bendi inafifia. Haliihamishi bendi kutoka 84 kwenda 55. Hilo mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua.

Msimamizi wangu, mama mpole kuliko mimi, ndiye aliyeandika barua ya pili, akaweka picha za kurasa za daftari. Kikaja kichupa kingine, loti tofauti, bila neno la samahani.

Sasa hapa lazima niseme kweli. Hiki cha pili kinafanya kazi. Bendi iko inapotakiwa, na siRNA inaifuta karibu yote. Nikazipaka seli rangi nikaziweka chini ya hadubini: DAPI, rangi ya DNA, inatoa kiini cha buluu chenye mashimo meusi, ndizo nukleoli, mahali ribosomu zinapoanza kuundwa. Nikawasha kijani, rangi inayoonyesha kingamwili ilipo. Mashimo yote yakajaa, duara kwa duara, nje yake giza. Niliita watu waje kuona. Kwa picha ile ningetoa nyota nne, na kusema kweli mkono ulishaanza kuziandika.

Lakini namba ya katalogi ni ile ile! Hii ni polikloni, mchanganyiko wa kingamwili uliotolewa kwenye damu ya sungura: sungura akibadilika, na kingamwili imebadilika, hata lebo isipobadilika. Wewe unayeagiza leo hujui utapata sungura gani. Uliza loti kabla ya kulipa, na ikifika anza na siRNA, usianze na sampuli zako za thamani. Mimi nilipoteza sampuli ambazo sitazipata tena.

Basi ziwe mbili. Hapana, moja. Barua yao ya mwisho inasema wamefurahi kwamba tatizo langu limekwisha. Tatizo langu! Nikawauliza kama ile loti ya kwanza wameiondoa sokoni. Mpaka naandika haya hawajajibu.